Kazi Moja Inasubiri

Mlezi alikuwa na mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta yake ambao hakutaka mtu aufute, na hospitali nzima ni mimi peke yangu niliyejua sababu. Niliijua kwa kuwa nusu ya mstari ule ilikuwa yangu. Hilo sikumwambia kwa miaka mitatu na ushee, ingawa tulikunywa chai pamoja karibu kila siku. Sasa nimeshaondolewa kwenye dirisha langu la maabara, sina cha kuogopa, kwa hiyo nitasema.

Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana watu wakisikia fundi wa kompyuta wanamwona kijana wa miwani mwenye chupa ya soda. Mlezi ana miaka arobaini na tatu, mrefu, mabega yameinama kama mtu aliyezoea milango mifupi. Jina hilo alipewa na wauguzi kwa jinsi alivyozitunza mashine zake sita. Alizipangusa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, na kila asubuhi saa mbili kamili aliingia chumbani mwake na kuziambia, "Hamjambo." Wala hakuona haya. Nilimuuliza siku moja kama zinamjibu, akasema zinajibu kuliko wafanyakazi wengi wa jengo hili, na hapo sikuwa na la kubisha.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya blanketi, ghorofa ya chini, mlango wa pili kutoka maabara. Mashine zilikaa kwenye rafu zilezile za mbao, na vibandiko vya zamani bado vilikuwa vimeganda: blanketi za wakubwa, blanketi za watoto. Hospitali ilikataa kukodi mitambo ya mbali, kwa kuwa mtandao ukikatika tungebaki tunatazamana. Basi kila kitu tulikuwa nacho wenyewe, na kila kitu kikiharibika kilikuwa cha Mlezi.

Mimi nilikuwa karani wa maabara, miaka ishirini na sita kwenye dirisha moja. Wote wananiita Shangazi, mpaka mkuu wa hospitali, na wote wanajua simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mitambo siijui. Ninachokijua alinifundisha Mlezi, kwa maneno ya watu wa kawaida.

Zile mashine sita zilifungwa pamoja na programu iitwayo Kubernetes. Nimejaribu kulitamka jina hilo mpaka taya zikauma. Sisi wa maabara tuliiita Kuba, basi.

"Shangazi, fikiria wodi yenye vitanda sita na msimamizi mmoja," aliniambia. "Kazi ikija, msimamizi anatafuta kitanda kinachoifaa, anailaza hapo. Kitanda kikivunjika, anaihamishia kingine."

"Na ikikosa kitanda?"

"Inasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kipatikane. Msimamizi huyu hachoki, na hasahau."

Siku hiyo nilicheka. Nikamwambia msimamizi wa namna hiyo tungempeleka wodi ya wazazi.

Sasa, kila kipimo cha damu kilichofanyika maabara kilikuwa kazi moja ndani ya Kuba. Kichunguzi cha damu kikishasoma, namba iliandikwa ndani ya ile kazi, nayo ikachapa karatasi kwa ajili ya wodi, ikapeleka na ujumbe kwenye simu ya mgonjwa au mzazi: majibu yako yako tayari, fika dirishani. Kazi za maabara zilikwenda kwenye mashine ya tatu tu, kwa sababu nyaya zetu ziliingia pale. Mlezi alikuwa ameibandika mashine hiyo alama ya neno "maabara", si ya gundi, ya humohumo ndani ya programu, na msimamizi alifuata alama.

Ile siku ilikuwa Alhamisi. Mlezi alikuwa anaipandisha Kuba toleo, maana programu hizi hutolewa mpya mara kwa mara, na usipopanda unaachwa na hakuna wa kukusaidia. Kanuni yake ni kwamba unapanda ngazi moja moja. Yeye akaruka moja. Alikuwa ameshaifanya kazi hiyo mara nyingi, alijiamini, akaona atamaliza kabla chai haijapoa. Alizihamisha kazi zote kutoka mashine ya tatu, akaifunga, akaiwekea toleo la mbele mno. Mashine haikuamka tena.

Upande wangu, saa tatu na dakika kumi na mbili muuguzi alinipa kichupa cha damu cha mtoto wa miaka mitatu, wodi ya watoto, kitanda namba saba, kimeandikwa "haraka". Saa tatu na dakika thelathini na moja kichunguzi kilimaliza kusoma. Namba ilitokea kwenye kioo chake kidogo: potasiamu, imepanda vibaya, imeandikwa kwa rangi nyekundu. Mimi si daktari, lakini nyekundu naijua. Nikasubiri karatasi itoke. Haikutoka.

Wodi ilipiga simu. "Shangazi, majibu ya kitanda cha saba?"

"Yanakuja," nikasema.

Walipiga mara tatu, na mara tatu nilisema yanakuja. Namba ilikuwa mbele ya macho yangu. Ila mwaka uliotangulia karani mwenzangu alisoma namba kwa simu akakosea, na ikatoka amri kwamba majibu yasitoke maabara kwa mdomo wala kwa mkono, yatoke kwa mtambo tu. Mwezi mmoja baada ya amri mimi nilisoma namba kwa simu, nikapewa barua ya onyo, na ya pili ingekuwa ya kuachishwa kazi. Basi nikakaa na barua yangu. Kutoka dirisha langu mpaka wodi ya watoto ni kama hatua arobaini, korido moja, haina hata ngazi. Sikuinuka. Saa tano na dakika ishirini mtoto alifariki.

Daktari wa wodi aliniambia baadaye, bila kujua anamwambia nani, kwamba dawa ilikuwa kabatini. "Ningepata namba ile kabla ya saa nne, ningekuwa na la kufanya," alisema. Nilimjibu pole, daktari.

Kwenye kikao cha kujadili kifo kile mkuu wa hospitali aliandika sentensi moja: mtoto alifikishwa akiwa amechelewa. Hakuna aliyebisha. Mlezi alifungua mdomo, mkuu akamtazama, akaufunga. Mimi hata sikuufungua.

Na sentensi hiyo alipewa mama yake.

Mama huyo tulimjua. Alikuwa fundi wa kushona, na mashuka ya hospitali hii aliyashona yeye. Kila mwisho wa mwezi alikuja na mzigo wake kichwani, akapita mbele ya dirisha langu kwenda dobi. Asubuhi ile alimfikisha mtoto saa tatu kasorobo. Alikuwa amebakiza mashuka mawili ya kumalizia pindo, akaona amalize kwanza ndipo ambebe mtoto. Tangu hapo kila akipita alisimama, akanisalimia, na hakukosa kulisema neno lilelile.

"Ni yale mashuka mawili, Shangazi. Ningeyaacha."

Nilikuwa namjibu, "Mungu ndiye anayejua, mama." Hivyo ndivyo nilivyomjibu kwa miaka mitatu.

Mlezi naye alibadilika. Kazi nyingine zilizokwama siku ile alizifuta, akazituma upya kupitia mashine ya tano, aliyoibandika alama mpya na kuivutia nyaya zetu. Ile ya kitanda cha saba hakuifuta. Ilibaki kwenye orodha yake, chini kabisa, ikitaka mashine yenye alama ya zamani ambayo haikuwepo tena. Neno mbele yake lilikuwa "inasubiri", na mbele ya neno, umri wake kwa siku. Kila asubuhi baada ya kuziamkia mashine zake alishuka mpaka mstari huo, akausoma kwa sauti ndogo, ndipo aanze kazi. Mashine ya tatu yenyewe aliiacha rafuni, chini ya kibandiko cha blanketi za watoto, akaifunika shuka jeupe la wodi. Nilimwambia jamani, ondoa shuka hilo, chumba kinatisha. Akaniambia ni kwa ajili ya vumbi.

Mkewe, mwalimu wa hisabati, mwanamke asiyependa mambo ya chini kwa chini, alinipigia simu mwaka wa pili. "Shangazi, niambie ukweli. Mwenzio ana mtu mwingine? Kila siku anahesabu siku, na hesabu yenyewe si ya ndoa yetu."

Nikamwambia hana mtu. Ningesema nini? Kwamba ana kitanda cha saba?

Na baada ya siku ile hakuipandisha Kuba tena. Mwaka wa kwanza alisema ana kazi nyingi, mwaka wa pili akasema toleo jipya lina kasoro. Vitambulisho vya mashine, vile vinavyoziwezesha kuaminiana, huisha kila mwaka. Alivifanya upya kwa mkono, na chochote kingine hakukigusa. Angeendelea hivyo mpaka kustaafu. Kilichomtoa ni kichunguzi chetu cha damu, kilichokufa mwanzoni mwa mwaka huu. Kikaletwa kipya, kizuri, na hakikuweza kuzungumza na Kuba ya zamani. Tukarudi kwenye darubini na kalamu, kwa ruhusa ya mkuu mwenyewe. Maji yakatufika shingoni kwa foleni ya vichupa. Mkuu akampa Mlezi miezi miwili: aidha aipandishe, aidha waitwe mafundi wa nje waje wafute kila kitu waanze upya.

"Wafute kila kitu," alinirudia tukiwa tunakunywa chai. Alikuwa haongelei mashine.

"Basi ufute wewe mwenyewe ule mstari kabla hujaanza," nikamwambia. "Ni mstari, baba. Mtoto hayumo humo."

"Nikiufuta, Shangazi, nani atakuwa anamsubiri?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia nusu yangu, nami nikamwongezea chai. Akaahidi ataufuta mwisho, kazi ikishakamilika.

Tuliifanya siku za Jumapili, mchana, maabara ikiwa kimya. Kanuni ilitaka mtu mmoja wa maabara awepo kujaribu mtambo, nikajitolea. Kulikuwa na ngazi kumi na moja za kupanda, akapanga mbili kila Jumapili. Alikuwa na daftari la shule, la mistari mipana, ambalo kila mashine ilikuwa na kurasa zake. Aliandika amri daftarini kabla ya kuigusa kompyuta, akaisoma kwa sauti, akaichapa, akaweka alama ya vema. Kwanza alichukua nakala ya kumbukumbu yote ya Kuba, akaihifadhi mahali pawili. Kisha mashine moja: hamisha kazi zake, ifunge, ipandishe, iamshe, irudishie kazi. Kisha inayofuata. Mimi nilikaa kwenye kigoda cha dobi, namtazama shingo inavyotoka jasho.

Jumapili ya pili mashine ya pili iliamka ikawa haiwatambui wenzake. Kila ikibisha hodi ilikataliwa. Mlezi aliitoa mikono kwenye kompyuta akaiweka magotini, na ikakaa hapo.

"Ni ileile," alisema.

"Si ileile. Hukuruka ngazi. Soma daftari."

"Shangazi, ni ileile."

"Nimesema soma. Au nije nisome mimi na miwani hii iliyovunjika mkono?"

Akasoma. Alichukua karibu saa nzima, amri kwa amri, mpaka akakuta ni saa. Saa ya ndani ya mashine ya pili ilikuwa nyuma kwa dakika saba, hivyo kitambulisho kipya ilichopewa na wenzake iliona bado hakijaanza kutumika. Akairekebisha saa, mashine ikaingia kundini. Alicheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, kisha akaona aibu.

Jumapili ya sita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ngazi iliyobaki, ya kumi na moja, aliipanda mapema siku hiyo, ikabaki mashine mpya iliyonunuliwa kuchukua nafasi ya tatu, ifungwe pamoja na kichunguzi kipya. Mlezi alikuja amenyoa ndevu. Akalivuta shuka, akaishusha mashine iliyokufa kwa mikono miwili taratibu, akaiweka chini karibu na ukuta, na akalikunja shuka vizuri. Mashine mpya ikapanda kwenye rafu ileile.

"Mstari?" nikauliza.

"Mwisho, Shangazi. Nimesema mwisho."

Alifungua daftari kurasa za mashine ya tatu. Zilikuwa za zamani, wino umefifia, kwa kuwa mashine ya tatu haikuandikwa kitu tangu Alhamisi ile. Akazifuata kama alivyozifuata za wengine, mstari kwa mstari, anasoma, anachapa, anaweka vema. Akafika penye alama. Akasoma, "Alama: maabara," akaichapa, akaweka vema. Alama ya siku hizi ilikuwa nyingine, ile ya mashine ya tano. Alikuwa ameogopa kuruka mstari kiasi kwamba alinakili hata ule usiotakiwa. Mimi nilisikia akilisoma neno, na halikunishtua.

Nilikwenda maabara kusubiri karatasi ya majaribio. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, jua limeingia mpaka kwenye meza. Kichapishi kikaunguruma, kikatoa karatasi moja. Nikaichukua.

Haraka. Wodi ya watoto, kitanda namba saba. Jina lake sitalitaja. Sampuli imepokelewa saa tatu na dakika kumi na mbili. Imesomwa saa tatu na dakika thelathini na moja. Potasiamu, na namba, na nyota mbili za kuonyesha hatari. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi ile.

Nilikuwa nimeiona namba hiyo kila siku ya maisha yangu tangu wakati ule, sasa ilikuwa kwenye karatasi yenye moto wa kichapishi. Nikaenda chumba cha blanketi nikiwa nimeishika mbali na mwili wangu.

Mlezi alikuwa anatazama kioo. Alikuwa ameshaona. Mstari wake haukusema tena inasubiri. Ulisema imekamilika.

"Imepata kitanda," alisema. "Nimeirudishia alama, na msimamizi akaipeleka. Miaka yote hii alikuwa anatafuta kitanda."

"Imechapa," nikasema, nikampa karatasi.

Hakuisoma. Alikuwa amekumbuka kitu, na nikaona akikikumbuka.

"Shangazi. Ile kazi inapeleka na ujumbe."

Hatukuwa na la kufanya. Ujumbe hauitwi ukarudi. Namba ya simu ya mama iliyokuwa kwenye ombi la kipimo tuliijua, kwa kuwa ndiyo ileile dobi aliyoibandika mlangoni kwake ya kuagizia mashuka. Mlezi alitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi ukutani. Akasema ampigie aseme ni kosa. Akasema hapana. Akasema labda amebadilisha simu. Nilirudi dirishani kwangu kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

Mama yake mtoto alifika kabla ya saa tisa na nusu. Alikuwa na kanga ya nyumbani, uzi mweupe umeshika begani, na futi ya kupimia shingoni. Hakukimbia. Alitembea katikati ya korido akaja akasimama mbele ya kioo cha dirisha langu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama."

Akaigeuza simu niisome. Majibu ya mtoto wako yako tayari, fika dirishani.

"Nimeona nije tu," alisema. "Najua si kitu. Lakini nimeandikiwa nifike."

Mlezi alitokea nyuma yangu. "Mama, utusamehe sana," akaanza, "ni hitilafu ya mtambo, tulikuwa tunaupandisha toleo, ikatokea..."

Na ilikuwa kweli. Ilikuwa hitilafu ya mtambo, na angeamini, angeenda zake na futi yake shingoni, na mwisho wa mwezi angesimama hapohapo akaniambia habari ya mashuka mawili. Nilimwona akiisema tayari. Nilihisi kuchoka na mimi mwenyewe kuliko nilivyowahi kuchoka na mtu yeyote.

"Nyamaza," nikamwambia Mlezi. Nikafungua mlango wa pembeni, nikatoka nje ya kioo, jambo nisilolifanya kwa wateja, nikampa karatasi mkononi.

"Hii ni ya mwanao. Ni ya siku ile."

Akaisoma taratibu. Anajua kusoma vizuri, alikuwa anaandika vipimo vya watu. "Saa tatu na dakika thelathini na moja," alisema. "Hii ni nini?"

"Ndiyo saa majibu yalipotoka kwenye kichunguzi."

"Mimi nilimfikisha saa tatu kasorobo."

"Ndiyo."

"Alikufa saa tano na ushee."

"Na ishirini. Mama, hukuchelewa. Daktari aliniambia kwa mdomo wake, angepata namba hii kabla ya saa nne angekuwa na la kufanya, na dawa ilikuwa kabatini. Mtambo ulikwama karatasi haikutoka. Lakini namba ilikuwepo, niliiona kwenye kioo. Wodi walinipigia simu mara tatu nikawaambia yanakuja. Niliogopa barua ya kuachishwa kazi. Nilikaa pale ndani, kwenye kiti kile."

Nyuma yangu Mlezi, aliyekuwa amenifuata nje, alisema polepole, "Namba ulikuwa unaiona?"

"Nilikuwa naiona."

"Miaka mitatu, Shangazi. Mimi nilidhani hakuna aliyeiona. Nilidhani nimeizuia isionekane."

Sikuweza kumgeukia. Nilimsikia akikaa kwenye benchi la wagonjwa, benchi likalia. Barua ya kukiri kwa mkuu tuliiandika sote wawili kesho yake, kila mmoja na yake, na matokeo yake kila mtu hospitalini anayajua. Ila hata leo hatujarudi kunywa chai pamoja.

Fundi wa mashuka hakulia, na hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alitazama karatasi, akaitazama korido.

"Wodi si ileile pale?"

"Ni ileile. Kama hatua arobaini."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaishika kiganjani. Kisha akaenda akasimama chini ya dirisha langu, mgongo ameuegemeza ukutani, visigino vimegusa ukuta kama anayeanza kupima kitambaa, akaanza kutembea. Alihesabu kwa sauti ya kawaida, si juu, si chini. Nilimfuata kwa nyuma. Sikujua kama ninaruhusiwa, lakini nilimfuata. Tukapita mlango wa stoo ya blanketi, tukapita mlango wa dobi, tukapita mtungi wa maji. Kwenye mlango wa wodi ya watoto alisimama, akaweka mkono kwenye fremu.

"Thelathini na nane," alisema.

Nilikuwa nimesema arobaini kwa miaka yote ile, na sikuwahi kuzihesabu.